Mama Pindo Akatazwa Kupiga Magoti

Wako mafundi wanaojulikana kwa ulimi, na wako wanaojulikana kwa kuchelewesha nguo za watu. Mama Pindo alijulikana kwa pindo. Gauni lake likitoka mlangoni lilikuwa limenyooka chini kote, mbele na nyuma, kama maji yaliyotulia ndani ya beseni. Mwenye nyonga moja juu na nyingine chini, mwenye mgongo uliopinda, mwenye mimba ya miezi mitano, wote akiwashonea walisimama sawa na wenzao. Ndiyo maana mtaa ulikwisha kulisahau jina alilopewa na wazazi wake.

Siri yenyewe wala haikuwa siri. Mafundi wengine hupima gauni kutoka kiunoni kwenda chini, na kiuno cha binadamu hakikuchorwa kwa rula. Mama Pindo alipima kutoka sakafuni kwenda juu. Mteja alivaa gauni akasimama mbele ya kioo, mikono chini, macho mbele. Fundi alipiga magoti, pini nne mdomoni, mkononi kibao kidogo cha kusimamisha sakafuni, chenye alama ya chaki, akamzunguka mteja kwa magoti huku akichomeka pini kila baada ya upana wa kiganja.

"Mteja hazunguki," alipenda kusema. "Akigeuka tu, uzito umehamia mguu mwingine na gauni limehama naye. Anayezunguka ni fundi."

Kwa miaka thelathini na moja, basi, alizunguka watu kwa magoti. Sakafu ya saruji pale mbele ya kioo ilikuwa na duara lililong'aa kuliko mahali pengine popote nyumbani.

Na hili lisemwe mapema, kwa kuwa mengine yalisemwa. Hakupiga magoti kwa shida. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba vinne isiyovuja, na mwanawe alikuwa karani wa ofisi mwenye meza yake na kiti chake. Hakuna aliyelala njaa katika nyumba ile. Alipiga magoti kwa sababu pindo liko chini, na anayetaka kuliona humfuata huko huko liliko.

Goti la kulia ndilo lililotangulia sakafuni siku zote, na ndilo lililotangulia kulalamika. Kwanza likawa gumu asubuhi, kama mlango uliovimba kwa mvua. Halafu likaanza kulia kila akiinuka. Mwishowe mbele ya goti pakaota uvimbe laini, ukubwa wa limau, uliobonyea ukiguswa na kurudi palepale. Mama Pindo akajishonea magauni marefu zaidi. Mteja akiwapo, aliinuka kwa kushika kona ya meza, kisha akajifanya anatafuta mkasi mpaka maumivu yapite. Mkasi ule ulitafutwa kuliko mkasi wowote mjini, na muda wote ulikuwa ukining'inia shingoni mwake kwa utepe.

"Mama, mkasi uko shingoni," mkamwana wake alimwambia siku moja.

"Najua uko shingoni. Natafuta mwingine."

"Tunao mmoja tu, Mama."

"Ndiyo maana siuoni huo mwingine."

Mkamwana huyu alikuwa amesoma, ana cheti chake kabatini, na wakati akisubiri majibu ya maombi ya kazi alikaa chumba cha cherehani akishona vifungo na kufumua nyuzi. Alikuwa mpole, lakini upole wake ulikuwa na mfupa ndani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema.

"Kifo cha goti? Taja mtu mmoja aliyezikwa kwa goti."

Lakini Jumatatu moja goti lilikataa kukunjwa kabisa, na Mama Pindo akapelekwa kliniki kwa nguvu za mwanawe. Daktari alibonyeza, akachoma sindano, akavuta maji ya rangi ya chai nyepesi. Aliyeshika bakuli alikuwa muuguzi mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye kila mtu alimwita Sista.

"Mbele ya goti kuna kifuko," daktari alieleza. "Ukikikandamiza kila siku, kinavimba na kujaa maji. Wanaopanga vigae huja nacho, wanaosugua sakafu huja nacho. Nimekupunguzia maji, lakini dawa yenyewe ni moja. Usipige magoti."

"Hata kidogo," Sista akaongeza.

"Mpaka lini?"

"Wiki sita kwanza. Baada ya hapo, Mama, tafuta namna nyingine ya kufanya kazi. Kitajaa tena, na vikiingia vidudu utalazwa."

Namna nyingine! Mama Pindo aliuma meno. Watu wasioijua kazi yako ndio wanaoijua namna yake nyingine. Angemwambia daktari atafute namna nyingine ya kuchoma sindano bila kushika sindano, angeitwa mwendawazimu.

Daktari alipotoka, Sista alianza kufunga bendeji. Akainama, akashusha sauti.

"Na yale magauni yetu, Mama?"

Mama Pindo akamtazama.

"Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo," Sista aliendelea, bila haya hata chembe. "Yamebaki mapindo tu, si ndiyo? Vidole vinne kutoka sakafuni, wote tisa sawasawa. Mwaka jana tulivaa ya dukani, moja juu moja chini, ukumbi mzima ukatuita kwaya ya ngazi. Safari hii tumekutegemea wewe."

Mdomo uleule uliosema hata kidogo, bendeji ikiwa bado haijafungwa fundo! Kwaya yenyewe ilikuwa ya wanawake wa kliniki ile, na Sista ndiye kiongozi wake.

"Na magoti, Sista?"

"Usipige. Lakini wewe ni fundi, utajua mwenyewe."

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi zaidi. Kila mtu aligeuka daktari. Huyu alileta mafuta ya kuchua, yule alishauri maji ya moto, wa tatu alisema maji baridi, na jirani wa mkono wa kushoto akasema kwamba goti likiuma ni tumbo. Mwanawe alingoja wageni waondoke, akavua viatu na kukaa kitako kama mtu aliyekuja kutoa hotuba.

"Mama, funga hicho chumba. Ofisini wananiuliza mbona mama yako bado anapiga magoti miguuni pa watu. Wanadhani nimeshindwa kukutunza."

"Waambie anapiga. Waambie na meza unayokalia ilitoka kwenye magoti hayohayo."

"Sisemi hivyo, Mama. Nasema jina letu..."

"Jina letu mimi ndiye niliyelibeba tangu baba yako alipolala kaburini. Halijaanguka. Usiniambie habari za jina."

Karani akavaa viatu vyake. Mkewe, aliyekuwa akipanga nyuzi kwa rangi, akasema bila kuinua macho, "Nifundishe mimi, Mama. Mimi nitapiga magoti, wewe utakaa."

"Wewe? Mke wa mwanangu apige magoti miguuni pa watu? Watasema tumekuoa ili tukufanye mtumwa. Msomi mzima!"

"Kwani wewe, Mama, wanasema nini?"

Swali lile Mama Pindo hakulipenda. Aliagiza chai, na chai ilipokuja akasema ina maji mengi.

Jumatano yake akapata wazo, na akalipenda kwa sababu lilikuwa lake. Ikiwa fundi haruhusiwi kushuka, mteja na apande. Meza ya kukatia ilikuwa ya mbao nzito, haitikisiki. Wanawake wa kwaya wakapanda mmoja mmoja, yeye akawazunguka akihamisha kiti kifupi alichokalia, pindo likiwa mbele ya pua yake. Goti lilifurahi. Yeye mwenyewe alifurahi mpaka akaimba wimbo wa kwaya, vibaya.

"Huoni?" alimwambia mkamwana. "Namna nyingine ndiyo hii. Ilihitaji akili tu."

"Naona, Mama. Ila huyo wa dawa anatetemeka."

"Atazoea."

Mtoa dawa wa kliniki, mwanamke mwembamba, alikuwa amepanda mezani kama anayepelekwa kunyongwa. Alifumba macho, akakunja magoti kidogo, mabega mbele, mkono mmoja ukitafuta boriti ya dari. Wa mapokezi aliinama kutazama chini kila pini ilipoingia. Sista mwenyewe, pamoja na sauti yake yote, alisimama shingo mbele kama kuku aliyesikia kitu. Msimamizi wa wodi peke yake, mwanamke mnene asiyetishwa na mtu wala meza, alisimama wima akauliza kama kuna soda. Mama Pindo aliona pini na kibao tu. Akapiga mapindo, akapiga pasi, akatundika magauni tisa ya buluu ukutani.

Jumatano iliyofuata, siku tatu kabla ya mashindano, wanawake wote tisa walivaa magauni yao wakajipanga mstari chumbani.

Kwanza Mama Pindo alidhani sakafu imetitia. Akasogea dirishani kutazama kwa mbali. Sakafu ilikuwa ileile. Magauni ndiyo yaliyokuwa yamepanda mbele na kuzama nyuma, kila moja kwa kipimo chake. Mtoa dawa alionekana nusu ya miguu, kama mtu anayevuka mto. Wa mapokezi mbele paliinuka vidole viwili. Sista kimoja na nusu. Msimamizi wa wodi peke yake ndiye aliyenyooka kote. Mtu anayeinama kwa woga hushusha gauni mbele, fundi akalisawazisha akiwa amelishusha, naye akirudi chini na kusimama kama kawaida yake, gauni linapanda. Alichokuwa amepima Mama Pindo juu ya meza hakikuwa miili ya watu. Alikuwa amepima woga wao, akaushona kwa uzi wa buluu, akaupiga na pasi.

"Mama," Sista akasema taratibu, "hii ni nini?"

"Hii ni ngazi ya pili," msimamizi wa wodi akajibu. "Na mimi ndiye ghorofa ya chini."

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Pindo hakucheka. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Katika miaka thelathini na moja hakuna gauni lililokuwa limerudi kwake kwa pindo, na leo yamerudi manane kwa mpigo, kabla hata hayajatoka.

"Vueni," akasema. "Kosa ni langu. Kesho asubuhi mje mmoja mmoja."

Heri moja ilikuwapo, kwamba hakuwa amekata. Kitambaa alikikunja tu, akiba yote ikabaki ndani. Yeye na mkamwana walifumua mchana kutwa bila kuongea. Mara moja tu mkamwana alifungua mdomo, na mkwewe akamwahi, "Usiniambie."

"Sijasema kitu."

"Ndicho hicho usiniambie."

Alhamisi asubuhi meza ilisukumwa ukutani. Mtoa dawa akasimama chini, kwenye duara lililong'aa, macho mbele, ametulia kabisa. Mama Pindo akatia pini mdomoni, akashika kona ya meza, akashuka. Bendeji iligusa saruji, na kitu kikamchoma kutoka gotini mpaka kwenye jino la mwisho. Hakulia, kwani pini nne mdomoni hazimpi mtu nafasi ya kulia. Alizunguka. Pini, kiganja, pini, kiganja. Alipomaliza wa kwanza alikuwa amelowa jasho mgongo mzima. Akaanza wa pili, wa mapokezi, na alikuwa nusu ya safari, nyuma ya visigino vyake, mlango ulipofunguka.

Alikuwa Sista, na sare yake ya kazini, na msimamizi wa wodi nyuma yake.

"Inuka, Mama."

Mama Pindo alitema pini kiganjani. "Ngoja zamu yako. "

"Nilikwambia hata kidogo!"

"Na ukaniambia vidole vinne. Nifuate lipi, Sista? Nichagulie moja, maana yote mawili umeyasema wewe, na siku moja."

Sista akaitazama bendeji. "Tutaimba hivyohivyo. Nani anatazama miguu?"

"Mwaka jana walitazama. Mtaimba hivyohivyo, halafu watauliza nani aliwashonea. Watataja kliniki? Watataja mimi. Watataja mpaka marehemu."

"Inuka, Mama, nakuomba."

Na Mama Pindo, kwa hasira, akataka kuinuka ili amwonyeshe kwamba anaweza. Akashika meza. Mguu wa kushoto ulikubali, wa kulia ukakataa. Akajaribu tena. Ukakataa tena. Msimamizi wa wodi na Sista wakampitishia mikono makwapani, wakamnyanyua mbele ya wateja kama gunia, wakamketisha kitini. Yeye, ambaye tangu aolewe hakuna mgeni aliyewahi kumwona hata bila kilemba! Alitazama ukuta. Angeweza kuvumilia goti lile miaka mingine thelathini, lakini si kule kunyanyuliwa.

Alipogeuka, mkamwana alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya wa mapokezi, kibao mkononi.

"Nani amekuambia?"

Mkamwana hakujibu. Alikuwa na pini mdomoni.

"Nauliza, nani amekuambia?"

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mama," msimamizi wa wodi akasema kwa niaba yake. "Mwache binti afanye."

Asubuhi iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko ujane. Mama Pindo alikaa kitini, mguu juu ya stuli, akiagiza.

"Polepole. Usimguse. Usimsukume, huyo ni mtu, si kabati. Kibao kisimame! Kimelala kama mlevi."

"Kimesimama, Mama."

"Kutoka hapa nakiona kimelala."

"Basi shuka ukitazame kutoka huku."

 Kisha mkamwana mwenyewe akaona alichosema, akasema "Samahani, Mama," pini zikamwanguka, na msimamizi wa wodi akacheka mpaka kiti kikalia.

Lakini binti alisema kweli, na ukweli huo ndio uliomuuma Mama Pindo kuliko goti. Kutoka kitini hakuona kitu. Miaka yote macho yake yalikuwa sawa na pindo, upana wa mkono mmoja tu kutoka kwenye kitambaa, na huko ndiko alikojulia lililonyooka na lililopinda. Kutoka juu pindo lilikuwa kitambaa cha buluu tu. Alikuwa anapiga kelele kama mtu anayemwelekeza mpita njia katika mji ambao haujui. Alipotambua hivyo, aliacha kuagiza.

Sista alikuwa wa mwisho. Alikuwa na haraka ya kurudi wodini, akatazama saa yake mara mbili.

"Mikono chini," mkamwana akamwambia.

"Iko chini."

Jumamosi mchana kliniki ikamtengea Mama Pindo kiti cha mbele kabisa ukumbini. Jukwaa lilikuwa la juu, na yeye alipoketi, miguu ya waimbaji ikawa sawa na macho yake. Kwaya saba ziliimba. Ya kliniki ilipoingia, magauni tisa ya buluu, mtu nyuma yake akasema, "Tazama walivyonyooka! Hao si wale wa ngazi?" Mwanawe, aliyekaa pembeni, akajinyoosha kama aliyeshona yeye.

Mama Pindo hakusikia wimbo. Alipita pindo kwa pindo, kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoa dawa, sawa. Wa mapokezi, sawa. Manane yalikuwa sawa. La Sista, walipogeuka kuteremka, upande wa kushoto nyuma, lilikuwa limeshuka nusu kidole. Alhamisi, wakati wa kupimwa, mkono wenye saa ulikuwa umeinuka, bega likainuka nao, basi.

Kwaya ikawa ya tatu, kikombe kidogo kikatolewa, na mtangazaji akasifu mavazi.

"Yalikuwaje, Mama?" mkamwana akauliza jioni ile, akijifanya anapanga vifungo.

"Manane yamenyooka."

 

Jumatatu Mama Pindo alikwenda kliniki kutazamwa goti. Lilikuwa limejaa tena. Daktari akavuta maji, akasema yaleyale. Mama Pindo akamngoja atoke.

"Sista, nirudishie gauni lako. Lina nusu kidole."

"Nusu kidole wapi?"

"Kushoto, nyuma."

Sista akacheka. "Mama! Mashindano yamekwisha."

"Yenu ndiyo yaliyokwisha."

"Silitoi. Gauni hilo nalipenda kuliko nguo zangu zote. Wewe unatafuta tu sababu ya kupiga magoti."

Na akalivaa kweli. Alilivaa sokoni, alilivaa kwenye harusi mbili, alilivaa siku ya kumuaga mganga mkuu, na kila aliposifiwa alisema kwa sauti yake ile ya wodini, "Hii kazi ya Mama Pindo!" Nusu kidole ikatembea mji mzima na jina la nyumba ile, na mwenye jina hakuweza kuinama kuirekebisha, wala kumpata aliyeivaa.

Jumapili moja Sista alipita barabarani, mbele ya dirisha la chumba cha cherehani, gauni la buluu mwilini.

"Njoo, njoo upesi!" Mama Pindo akaita. "Mtazame huyo. Unaona?"

Mkamwana akasimama karibu na kiti cha mkwewe, akatazama. "Sioni kitu, Mama. Limenyooka."

"Utaonaje umesimama? Piga magoti."

Mkamwana akamtazama kama asiyesikia vizuri. Halafu akapiga magoti chini ya dirisha, kidevu juu ya kizingiti, akakodoa macho. Sista alikuwa amesimama kusalimiana na mtu ng'ambo.

"Aa," mkamwana akasema. "Kushoto, nyuma. Nusu kidole."

"Nusu kidole," Mama Pindo akasema. "Sasa inuka usijiumize, ukamwambie wewe. Mimi hanisikii."